Samaki Mkunje Angali Mbichi? Historia ya Ufundishaji Salama wa Mpindo wa Nyuma katika Sarakasi na Yoga, kwa Kurejelea Ukanda wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna mpindo wa nyuma wa kina ulivyofundishwa katika sarakasi na yoga Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960, na maana ya historia hiyo kwa mwalimu wa yoga anayefundisha katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba usalama wa mpindo huu umetegemea zaidi muda wa mafunzo kuliko orodha ya makatazo, na kwamba muda huo umekuwa ukipungua kila fani ilipohamia katika mazingira mapya. Aidha, insha inaonesha kwamba mgongo wa mwanafunzi wa ukanda huu una historia yake, iliyoandikwa na jembe, duara la mgodi, maji ya kisima na vumbi la mawe. Mwalimu asiyeisoma historia hiyo hawezi kufundisha kwa usalama, hata akizijua kanuni zote za fani yake.

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema: samaki mkunje angali mbichi. Kwa kawaida methali hii hutumika kuzungumzia malezi. Mtoto hufunzwa tabia njema akiwa bado mdogo, kwa kuwa akikomaa hakunjiki tena. Katika fani zinazoupinda mwili, hata hivyo, methali hupoteza tamathali yake na kuwa maelekezo ya moja kwa moja: anayetaka kuupinda mgongo aanze mapema. Swali la insha hii linatokana na hapo. Je, historia ya ufundishaji wa mpindo wa nyuma inaithibitisha methali hiyo, au inatudai tuisome upya?

Katika insha hii, istilahi *mpindo wa nyuma wa kina* inamaanisha kitendo cha kuupinda mwili kuelekea nyuma kiasi cha mikono kuikaribia au kuifikia ardhi. Mfano wake unaofahamika zaidi ni umbo la daraja, ambapo tumbo huelekea juu huku viganja na nyayo vikiubeba mwili. Ili kuelewa ugumu wake, ni muhimu kukumbuka muundo wa uti wa mgongo. Juu ya mfupa wa nyonga kuna pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Pingili za kifua zimeshikana na mbavu, hivyo hupinda nyuma kwa kiasi kidogo. Pingili za kiuno ziko huru zaidi, hasa zile mbili za chini. Mwanafunzi ambaye mabega, kifua na mbele ya nyonga zake zimekaza hulipa deni lote kwa pingili hizo mbili. Mpindo huonekana kwa mtazamaji kuwa umekamilika, ilhali umefanywa na sehemu ndogo tu ya mgongo. Hapo ndipo madhara huanzia.

Ukanda unaorejelewa ni mkoa wa Shinyanga, wenye historia ya pamba, almasi na dhahabu, pamoja na mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Ukanda huu umechaguliwa kwa sababu ndani yake mgongo ni mtaji. Kwa kijana asiye na shamba kubwa wala cheti, nguvu ya kuinama, kubeba na kuinuka ndiyo inayomwingizia chakula. Kwa hiyo, jeraha ambalo kwa mwanafunzi wa mjini lingemaanisha wiki chache za mapumziko, kwa kijana huyu laweza kumaanisha mwisho wa kipato. Hilo ndilo linaloufanya mjadala wa usalama uwe mzito kuliko unavyoonekana.

2.0 Mgongo wa Jembe na Mgongo wa Duara

Kabla ya sarakasi wala yoga kutajwa, Usukuma ulikuwa na fani yake ya mwili. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo simulizi za Wasukuma huvihusisha na waasisi Ngika na Gumha wa karne ya 19, vimeshindana kwa vizazi kadhaa. Mashindano hufanyika baada ya mavuno, na mshindi hutambulika kwa ukubwa wa umati anaouvuta. Kila upande hubuni jambo la kuwashangaza watu: wengine hucheza na nyoka, wengine hutumia sanamu, na katika ngoma ya bugobogobo wachezaji hulirusha jembe hewani na kulidaka kwa kufuata mapigo ya ngoma.

Bugobogobo inastahili kuangaliwa kwa makini. Msogeo wake wa msingi umetoka shambani. Mkulima wa jembe la mkono huinama, hupiga, huvuta na kuinuka, mara nyingi kwa siku. Ngoma hiyo iliuchukua mkao wa kazi, ikauingiza katika mdundo, na ikampa mwili nafasi ya kuinuka kwa fahari pale ambapo kazi iliuinamisha. Kwa mtazamo wa insha hii, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kigezo cha umati kinamsukuma mchezaji aongeze maajabu mwaka hadi mwaka. Shinikizo hilo si geni kwa yeyote aliyewahi kufundisha mbele ya watazamaji. Pili, kalenda ya kilimo ilikuwa breki. Msimu wa ngoma ulikuwa na mwanzo na mwisho, na mwili haukutakiwa kufanya maajabu mwaka mzima.

Migodi iliibadili kalenda hiyo. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, mkoani Shinyanga. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu wakati wa ukoloni, uliofungwa mwaka 1966, na uchimbaji wa viwanda ulirudi mwaka 2000. Mgodi wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Sambamba na migodi hiyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 maelfu ya wachimbaji wadogo wameendesha kazi zao katika maeneo kama Rwamagasa na Nyarugusu. Katika maduara yao hakuna msimu wa mavuno wala wa mapumziko. Mchimbaji huingia shimoni akiwa amejikunja, hupiga mwamba kwa nyundo na tindo katika nafasi isiyomruhusu kunyoosha kiuno, kisha mawe hupandishwa ndani ya viroba. Juu ya ardhi, wanawake huponda mawe wakiwa wameketi chini, na kwenye mialo watu huinama juu ya maji kwa saa nyingi.

Mkao huu una athari inayomhusu moja kwa moja mwalimu wa mpindo wa nyuma. Mgongo ukikaa umeinama kwa muda mrefu, kano zinazounganisha pingili hunyooka na kulegea kwa muda, na misuli inayopaswa kuzilinda huchelewa kuitikia. Hali hiyo haiishi mara tu mtu anaposimama. Kwa hiyo, mtu aliyetoka duarani au shambani jioni anaweza kuhisi hamu kubwa ya kujinyoosha kwa nyuma, wakati ambapo mgongo wake hauko tayari kwa mpindo wa kina. Hamu hiyo ni ya kweli na inastahili kujibiwa. Jibu lake sahihi ni mnyooko mdogo na mapumziko. Daraja lingoje siku nyingine.

3.0 Sarakasi ya Taifa: Miaka Minne ya Kukunjwa

Ufundishaji rasmi wa mpindo wa nyuma nchini Tanzania ulianza kupitia dola. Mwezi Februari 1965 Mwalimu Julius Nyerere alizuru China, na nchi hizo mbili zikatia saini mkataba wa urafiki. Mwaka huohuo vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Walirejea baada ya miaka minne, na mwaka 1969 kikundi cha taifa cha sarakasi kikaundwa. Kikundi hicho kilifuata kile cha ngoma kilichoundwa mapema zaidi katika muongo huo, na baadaye kikaja cha maigizo. Lengo lilikuwa kuonesha utamaduni wa taifa jipya mbele ya wananchi na wageni wa serikali.

Kwa mjadala wetu, jambo la msingi ni ile miaka minne. Katika mapokeo ya sarakasi ya Kichina, ulaini wa kiuno na miguu ni mojawapo ya misingi inayotangulia mchezo wowote, sambamba na kusimama kwa mikono na kubingirika. Mwanafunzi hurudia msingi huo kila siku chini ya macho ya mwalimu yuleyule, na mchezo wa jukwaani huja baadaye. Mfumo huu ulikuwa mkali, na hauna budi kuhukumiwa kwa ukali wake. Hata hivyo, ulikuwa na sifa moja ambayo mifumo iliyofuata iliipoteza: mwalimu aliuona mwili uleule kwa miaka, hivyo aliweza kutofautisha maumivu ya kuchoka na maumivu ya kuumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 muundo huo ulibadilika. Vikundi vya taifa vilivunjwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Chuoni sarakasi iliendelea kuwa somo. Nje ya chuo, vikundi vya burudani kama Muungano Cultural Troupe, na katika miaka ya 1990 Tanzania One Theatre, viliiingiza sarakasi katika maonesho mchanganyiko pamoja na ngoma, taarabu na vichekesho. Sarakasi ikawa sehemu fupi ya usiku mrefu, na mpindo wa nyuma ukawa kitendo cha dakika chache kinachopaswa kupigiwa makofi. Kigezo cha umati, tulichokiona kwa Bagika na Bagalu, kilirudi, lakini safari hii bila kalenda ya mavuno. Kijana aliyejiunga na kikundi alijifunza kwa kuwatazama waliomtangulia, na muda wa msingi ulitegemea haraka ya onesho lijalo.

Wakati Tanzania ikiijenga sarakasi yake, ushahidi wa kitabibu kuhusu hatari ya mpindo wa mapema ulikuwa ukikusanywa kwingineko. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa eksirei wa wasichana 100 wa jimnastiki, na kuwakuta 11 wakiwa na ufa wa pande zote mbili katika upinde wa nyuma wa pingili ya mwisho ya kiuno. Ufa huo husababishwa na kurudiarudia kuupinda mgongo nyuma wakati mfupa bado unakua. Matokeo haya yanaigusa methali yetu moja kwa moja. Ni kweli kwamba mwili mbichi hukunjika kwa urahisi. Lakini ubichi ni sifa ya kano na pia ya mfupa, na mfupa mbichi unaokunjwa mara nyingi mahali pamoja hupasuka polepole, bila kelele, huku mtoto akiendelea kutabasamu jukwaani.

4.0 Yoga: Kutoka Mysore hadi Nairobi

Yoga inayofundishwa leo katika madarasa mengi duniani haikuifikia dunia moja kwa moja kutoka mapangoni mwa mayogi wa kale. Sehemu kubwa ya mikao yake ilipata sura inayojulikana sasa katika kasri la Mysore, India Kusini, miaka ya 1930, ambako Tirumalai Krishnamacharya aliwafundisha vijana chini ya ufadhili wa mtawala wa huko. Watafiti kama Norman Sjoman na Mark Singleton wameonesha jinsi mazoezi hayo yalivyochangamana na jimnastiki ya zama zile. Maonesho mbele ya wageni yalikuwa sehemu ya kazi ya shule hiyo. Kwa maneno mengine, yoga ya kisasa nayo ilizaliwa karibu na umati.

Mmoja wa wanafunzi hao, B.K.S. Iyengar, alifika Mysore akiwa kijana mdhaifu aliyekwisha kuugua kifua kikuu. Baadaye alisimulia jinsi alivyotakiwa na mwalimu wake kuonesha mkao wa kupasua miguu kabla ya kuandaliwa, na jinsi misuli ya nyuma ya mapaja yake ilivyochanika. Mtu huyo aliyeumizwa na haraka ndiye aliyeandika kitabu *Light on Yoga*, kilichochapishwa mwaka 1966, ambamo kila mkao umepewa daraja la ugumu kuanzia 1 hadi 60, na mpango wa mazoezi umepangwa kwa wiki 300. Baadaye matumizi ya viti, kamba, mablanketi na matofali ya mbao yakawa alama ya shule yake, ili mwili usiofika chini uletewe ardhi karibu. Tunaweza kusema kwamba wiki hizo 300, karibu miaka sita, ni jibu la kihistoria kwa jeraha la kijana mmoja.

Afrika Mashariki iliipokea yoga kwa njia kadhaa, na mojawapo inakutana na sarakasi waziwazi. Mwaka 2006 mwalimu wa yoga kutoka Marekani, Paige Elenson, akiwa matembezini Kenya, alikutana na vijana wa sarakasi waliokuwa wakisimama kwa mikono, akajiunga nao. Kutokana na uhusiano huo ilianzishwa Africa Yoga Project jijini Nairobi mwaka 2007, na wanasarakasi walikuwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo. Vijana wa vitongoji vya Nairobi walipata kazi ya kufundisha, na yoga ikapata walimu wenye miili iliyokwisha kufunzwa. Nchini Tanzania, Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2014 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Juni 2015, imeliongezea jina la yoga umaarufu.

Mkutano wa sarakasi na yoga una faida na una mtego. Mwanasarakasi huja darasani na mgongo uliojengwa kwa miaka, kisha hufundisha watu ambao migongo yao haikupitia miaka hiyo. Yeye hulifanya daraja kama salamu. Mwanafunzi wake huliona kama kipimo cha kufaulu. Wakati huohuo, cheti cha mwalimu wa yoga kinachotambulika zaidi kimataifa, kwa mujibu wa viwango vilivyowekwa na Yoga Alliance, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, huanzia saa 200 za mafunzo. Kwa saa nane kwa siku, hizo ni siku 25. Tukizipanga hatua hizi kwa mfuatano, tunaona miaka minne ya China, wiki 300 za Iyengar, na siku 25 za cheti. Mpindo ni uleule, na pingili za kiuno ni zilezile tano. Kilichopungua ni muda.

5.0 Mgongo wa Mwanafunzi wa Shinyanga na Geita

Hadi hapa tumeifuata historia ya walimu. Sehemu hii inaigeukia historia ya mgongo unaofundishwa, kwa kuwa vitabu vya yoga huandikwa kwa kudhani mgongo wa mtu asiye na kazi nzito wala mazingira yenye sumu. Katika ukanda huu dhana hiyo haisimami, kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni maji. Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya vyanzo vyake vya maji ya ardhini vina floridi nyingi. Mwaka 1974 nchi iliweka kiwango cha muda cha hadi miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Floridi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi haiishii kwenye meno. Huweza kuzifanya kano za uti wa mgongo kuwa ngumu kama mfupa. Mradi wa maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga umewapa wakazi wengi chanzo kingine. Kwa hiyo, katika darasa moja mzazi aliyekulia kisimani na binti aliyekulia bombani wanaweza kuwa na migongo ya historia tofauti. Ugumu wa mgongo wa mzazi huyo hautokani na uvivu, na haulainishwi kwa kusukumwa.

Sababu ya pili ni vumbi. Kuchoronga na kusaga mawe kwenye makarasha hutoa vumbi la silika, ambalo hudhuru mapafu na kuongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Kifua kikuu huweza kuushambulia uti wa mgongo wenyewe na kuzifanya pingili ziwe dhaifu. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyokoma, yanayoambatana na homa, kukonda au jasho la usiku, anahitaji kupimwa katika kituo cha afya na, ikibidi, hospitali ya rufaa kama Bugando jijini Mwanza. Kumpinda mtu huyo nyuma kwa nia ya kumwondolea maumivu kunaweza kumletea ulemavu.

Sababu ya tatu ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatisha dhahabu, kisha huichoma. Uchunguzi wa afya uliofanyika Rwamagasa chini ya mradi wa zebaki wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwakuta baadhi ya wachomaji na dalili za sumu, ambazo hujumuisha kutetemeka na kupoteza uwiano wa mwili. Mpindo wa nyuma unaoanzia katika kusimama hutegemea uwiano huo kabisa. Mtetemeko wa mikono usichukuliwe kuwa woga wa mwanafunzi mpya.

Sababu ya nne ni umri. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya ilieleza watoto, wengine wa miaka minane, wakichimba na kubeba mizigo. Mtoto wa namna hiyo akifika darasani tayari ana mgongo uliotumika. Methali yetu ingemwita samaki mbichi. Historia yake inasema amekwisha kukunjwa mara nyingi, kwa upande mwingine, na watu ambao hawakumuuliza.

6.0 Maana kwa Ufundishaji

Historia iliyoelezwa inazaa kanuni chache za kufundishia, ambazo zinatofautiana na orodha za makatazo kwa kuwa kila moja inajaribu kurudisha muda uliopotea.

Kanuni ya kwanza ni kuuliza kabla ya kupinda. Mwalimu aulize kazi ya mwanafunzi, kazi ya siku hiyo, majeraha na kuanguka kwa zamani, kikohozi, ujauzito na maumivu yanayoshuka mguuni. Maswali haya yaulizwe faraghani na kwa heshima. Mwanafunzi aliyemzidi mwalimu umri apewe kwanza haki yake ya salamu na kuitwa kwa jina la heshima, kwa kuwa mzee aliyefedheheshwa mbele ya vijana hatasema anapoumia.

Kanuni ya pili ni kuanza na sehemu zinazobana. Kabla ya kiuno kuombwa chochote, mabega yafunguliwe, kifua kinyooshwe juu ya blanketi lililoviringishwa, na mbele ya nyonga ilegezwe kwa hatua ndefu ya goti chini. Mikao midogo ya kulala kifudifudi na kuinua kifua ifanywe kwa wiki nyingi, ili misuli ya mgongo ijifunze kuubeba mwili. Daraja linalofanywa juu ya kiti au ukingo wa jukwaa la udongo ni daraja kamili kwa mwili usiohitaji zaidi. Baada ya mpindo, mwanafunzi arudi polepole katika hali ya kawaida na kupumzika, bila kuruka ghafla kwenda kujikunja mbele.

Kanuni ya tatu inahusu mkono wa mwalimu. Kuna mkono unaobeba na mkono unaosukuma. Mkono unaobeba huwekwa chini ya mgongo, hupokea uzito na humpa mwanafunzi uhakika wa kurudi. Mkono unaosukuma huongeza kina ambacho mwili haujakubali. Wa kwanza ni urithi bora wa sarakasi. Wa pili ni urithi wa haraka ya onesho, na katika darasa la watu wazima wafanyakazi hauna nafasi.

Kanuni ya nne ni kuacha. Mchomo mkali mahali pamoja, ganzi, kizunguzungu shingo inapolegezwa nyuma, au pumzi kukatika ni sababu za kusitisha. Ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya hospitali saa hiyohiyo. Kwa watoto na vijana wanaokua, maumivu ya kiuno yanayorudi kila wanapopinda nyuma yachunguzwe na daktari, na marudio yapunguzwe. Hata mwenye kipaji asifanywe kivutio cha kila tamasha.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba mpindo wa nyuma umefika Afrika Mashariki ukiwa ndani ya mifumo iliyokuwa na muda wake: kalenda ya mavuno ya ngoma za Kisukuma, miaka minne ya sarakasi ya taifa, na wiki 300 za kitabu cha Iyengar. Kila mfumo ulipovunjwa au kufupishwa, umbo la nje lilibaki na muda ukapotea, huku umati ukiendelea kudai maajabu. Imeonekana pia kwamba mgongo wa mwanafunzi wa Shinyanga na Geita huingia darasani ukiwa umebeba jembe, kiroba, floridi, vumbi na zebaki, na kwamba mambo hayo hayaandikwi katika mitaala ya saa 200.

Kuhusu methali, jibu ni kwamba inabaki kuwa kweli pale ilipotungiwa, yaani katika malezi. Anachofundishwa mwanafunzi mapema kiwe tabia ya kusikiliza mwili wake na ujasiri wa kusema inatosha. Hayo ndiyo yanayokunjwa yangali mabichi. Mgongo wenyewe unahitaji mwalimu atakayekuwepo mwaka ujao. Chuo, kituo cha vijana au halmashauri itakayotaka kuanzisha darasa Kahama, Geita au Shinyanga mjini ingefaa ipime mafanikio yake kwa idadi ya wanafunzi ambao, baada ya miaka mitatu, bado wanafanya mazoezi na bado wanaweza kuinama, kubeba na kuinuka kwa ajili ya riziki yao. Picha za madaraja siku ya tamasha haziwezi kukionesha kipimo hicho.